Ukiniachia Mtoto, Niachie na Maneno

Kuna imani iliyokita mizizi huku kwetu, kuanzia Migori mjini hadi Mbita, kwamba jirani wa kweli haulizi maswali. Mtu anabisha alfajiri na mtoto mkononi, anasema, "Mama Achieng, niangalizie huyu kidogo, narudi sasa hivi," na kabla hujajibu ameshapanda boda. Ukithubutu kuuliza atarudi saa ngapi, au mtoto amekula nini, unaambiwa umeingiwa na mambo ya kizungu. Kwani mtoto si wa wote?

Wanaoitetea imani hii hukimbilia mila. Haya, tuitazame mila yenyewe. Katika boma la Mjaluo watoto walilala siwindhe, nyumba ya bibi, na kila mtu alijua ni bibi yupi na watoto wa nani wamo humo. Mtoto mchanga alikuwa na japidi wake, msichana aliyechaguliwa na kukabidhiwa kazi ya kumlea. Hakukuwa na mtoto wa kuachwaachwa tu. Leo tunaishi kwenye ploti za kupanga Rongo na Oyugis, na majirani waliotoka kila pembe, kisha tunadai wazee ndio waliotufundisha kutupiana watoto bila neno. Tunawasingizia.

Na kimya hiki kinaua. Tuko ukanda wa ziwa. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya mwezi Septemba 2019, ilizinduliwa hapahapa Homa Bay, na si kwa bahati nasibu. Ugonjwa wa selimundu nao umejaa huku. Mtoto mwenye selimundu anahitaji kunywa maji kila mara, asipigwe na baridi, asikose dawa yake ya kila siku, na homa ikimpanda apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Sasa mama anamwacha kwa jirani na hasemi lolote, kwa kuogopa watu watajua. Jioni mtoto analia miguu inamuuma. Jirani anampa panadol, anamfunika shuka, anapiga simu, mteja hapatikani. Yakitokea mabaya, huyo aliyejitolea ndiye atakayesemwa kwamba ana jicho baya. Ni dhuluma kubwa, na inafanywa kwa jina la undugu.

Silaumu mtu kwa kuacha mtoto. Mchuuzi wa omena lazima awe ufuoni mashua zinaporudi, na ziwa si mahali pa mtoto wa miaka miwili. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, heri mara mia mtoto abaki kwa jirani kuliko kukaa kando ya karai lenye zebaki. Ninacholaumu ni kuondoka bila kusema saa ya kurudi, bila uji, bila dawa, na kumwachia mtu yuleyule kila siku. Mtu huyo tunamjua: ni mwenye cherehani barazani, au anayekaanga mandazi mbele ya nyumba. Kwa kuwa hatoki, tumeamua hana kazi.

Eti kumpelekea kitu ni kumlipa, na kumlipa jirani ni kumtusi. Nani aliyetusiwa kwa nusu gorogoro ya omena? Kama unaona aibu kutoa, basi mwangalizie wake Jumamosi akienda sokoni. Wengi wanaoimba kwamba mtoto ni wa wote hawajawahi kushika wa mwenzao hata adhuhuri moja.

Nimejibiwa kwamba tukianza kupangiana hivi ujirani utakufa. Unakufa sasa, pale mwenye cherehani anapojifungia na kushonea ndani ili asionekane yupo, kwa sababu tumemnyima haki ya kukataa. Aruhusiwe kusema leo siwezi, nina nguo za harusi za watu, na asinuniwe kwa hilo.