Stakabadhi si gunia

Mwaka 2007 ankara za upasuaji nchini Marekani ziliingia namba zisizo na bei. Namba 4047F ilithibitisha kuwa antibiotiki ya kukinga maambukizi iliagizwa itolewe ndani ya saa moja, au mbili kwa baadhi ya dawa, kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Daktari mwenye sababu ya kitabibu ya kutoiagiza aliongeza alama 1P.

Sifuri hiyo ilikuwa na fedha nyuma yake. Kuanzia Julai mwaka huo, Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, iliwapa madaktari waliotoa taarifa za aina hii nyongeza ya asilimia 1.5. Mwaka 2015 wasiotoa walianza kukatwa kiasi hicho hicho.

Kasoro ilikuwa hapa: mwanzoni aliyeandika 8P, yaani dawa haikuagizwa na sababu haikutajwa, naye alihesabiwa ametoa taarifa.

Kumbukumbu ni lazima; bila hiyo hakuna anayeweza kudai wala kukagua. Lakini mfanyabiashara hulipia gunia lililofika ghalani, si stakabadhi tupu. Bima nayo ilipie vidonda vilivyopona bila usaha.