Skrini ya Mtambo na Mkono wa Mwendeshaji

Kuamua ni kitufe gani kiwekwe katika skrini ya mwendesha mtambo, cha umbo gani na mahali gani, ni kazi ambayo aghalabu huachiwa mwandishi wa programu aimalize siku chache kabla kiwanda hakijakabidhiwa kwa wenyewe. Nami naona kuwa kazi hiyo, ingawa hudhaniwa kuwa ni ya mapambo, ni sehemu ya mtambo sawasawa na mota na vali, na anayeifanya kwa kufuata lililo jepesi kuchora humtwika dhamana mtu ambaye hakuulizwa.

Ithibati iko baharini. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, manowari ya Marekani USS John S. McCain ilipokuwa ikiukaribia Mlango wa Bahari wa Singapore, nahodha alimwona mshika usukani ameelemewa na kazi mbili, ya kuelekeza chombo na ya kuongoza kasi, akaamuru ile ya kasi ihamishiwe kwa baharia wa pembeni yake. Amri hiyo ilitimizwa kwa kugusa skrini, na katika kugusa huko usukani nao ukahama pasi na mtu kukusudia, hata mshika usukani akatoa habari kuwa usukani umekufa, ilhali ulikuwa mzima kabisa, umekaa mbele ya mwenziwe. Ilipoamriwa kasi ipunguzwe, rafadha mbili za chombo hazikuwa zimefungamanishwa, kwani kufungamana kwake kulitegemea alama katika kisanduku kidogo cha skrini. Basi ya kushoto peke yake ikapungua, na manowari ikapinda kushoto ikaingia katika njia ya meli ya mafuta Alnic MC. Mabaharia 10 walifariki. Wachunguzi walilaumu mafunzo haba na usimamizi dhaifu, wala siwapingi. Walakini jeshi la majini lenyewe, baada ya kuwasikiliza mabaharia, lilieleza mwaka 2019 kuwa litarudisha mikono ya kasi ya kushikika katika manowari za aina hiyo.

Sababu haina fumbo. Mkono wa chuma humweleza anayeushika ulipofika, hata macho yake yakiwa kwingine, na wenziwe huuona kutoka mbali. Kioo ni laini pote, hakikiambii kidole kitu, seuze kidole kilichovikwa glavu yenye grisi katika kinu cha miwa.

Wala haitoshi kitufe kuwa mahali pake; sharuti kiseme kweli. Katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, taa ya vali moja ilizimika, na waendeshaji wakaamini kuwa vali imefungwa, kumbe taa ile ilionyesha tu kuwa umeme wa kuishikilia wazi umekatwa. Vali yenyewe ilikuwa imekwama wazi, na maji ya kupozea yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa 2. Taa hiyo ina wajukuu wengi viwandani hivi leo: kila kitufe cha skrini kinachogeuka rangi mara tu kinapobonyezwa, kabla pampu haijazunguka, kimerithi uwongo wake.

Sikatai kuwa skrini ina fadhila zake, maana huokoa nyaya chungu nzima na huonyesha joto la tanuri lilivyopanda na kushuka tangu asubuhi, jambo lisilowezekana kwa swichi mia za ukutani. Ninalolitaka ni tofauti. Kipimo kinachowekwa mara moja kwa zamu na kiandikwe kwa tarakimu, na mashine ikatae kilichovuka mpaka, badala ya kuburutwa kwa kidole kama sauti ya redio, rangi nyekundu na kijani zisiachwe zibebe maana peke yake, kwa kuwa wako wanaume wasioweza kuzitofautisha, na lile swali la “Je, una hakika?” lisitapakazwe kila mahali, kwani mtu akilijibu mara hamsini kwa siku, mara ya hamsini na moja hujibu kidole tu, akili haimo. Ama kitufe cha kusimamisha mashine kwa dharura, chekundu juu ya manjano kama kanuni za kimataifa ziagizavyo, kibaki cha kupigwa kwa kiganja, nje ya kioo.

Viwanda vyetu vya saruji, sukari na nguo hununua mitambo ambayo skrini zake zimekwisha kuchorwa mbali, nasi huzipokea kama tupokeavyo mvua. Lakini mkataba wa kununua huandikwa na pande mbili, na ndani yake panaweza kutiwa sharti moja: kwamba opareta wa zamu ya usiku, amevaa glavu zake, akae mbele ya skrini hiyo, ving'ora vilizwe kwa makusudi, na fungu la mwisho la fedha lisitolewe mpaka ameisimamisha mashine na kuiwasha tena bila ya mhandisi wa muuzaji kumwelekeza.