Gharama ya Habari za Panya Road
Usiku wa tarehe 2 Januari 2015, ilipoenea katika Dar es Salaam habari kwamba kundi la vijana waitwao Panya Road lilikuwa likipita mitaani na mapanga, wenye maduka walifunga milango na watu wakakimbia wasijue waendako, na haukupita muda polisi wakawakamata vijana kwa mamia. Aghalabu wakuu hudhani kwamba kutangaza jinai za makundi haya kunaigharimu serikali heshima yake, na kwamba fedha za makarani wa kuandika takwimu za kila kata ni israfu. Rai hiyo siikubali hata kidogo. Taharuki ile ilikuzwa na uvumi ulioitangulia taarifa, na gharama yake ikalipwa kwa doria, kwa misako, na kwa dhiki ya wazazi wa vijana waliokamatwa, ambao aghalabu ni mafukara. Jina la Panya Road lilirudi mwaka 2022, na hofu ikarudi nalo. Basi kila kituo cha polisi na kibandike kila mwezi, mahali pa wazi, hesabu ya mashtaka yaliyopokewa, ya waliokamatwa, na ya walioachiwa kwa kukosa ushahidi, wala mwandishi asitiwe hofu kwa kuichapa.