Mwenye Kiharusi Aulizwe Mwenyewe

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi nyumbani, swali la kwanza la jamaa huwa ni hili: "Je, anatembea?" Akionekana kujikongoja hadi barazani, watu humshukuru Mwenyezi Mungu na kuona shida imekwisha. Kushukuru ni wajibu. Lakini hatua za miguu si kipimo cha maisha yote.

Matabibu nao walianza na viungo. Mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel wa Marekani walichapisha kipimo cha mambo 10, yakiwamo kula, kuoga, kuvaa na kupanda ngazi. Alama zake za juu ni 100. Kingali na manufaa. Ila mtu aweza kupata zote 100, na bado akashindwa kurudi kazini, au akawa na huzuni asiyoijua mtu.

Ndipo mwaka 1999 Pamela Duncan na wenzake, huko huko Marekani, walipotoa kipimo kinachomsaili mgonjwa mwenyewe. Huulizwa habari za nguvu za mwili, mkono, mwendo, shughuli za kila siku, usemi, kumbukumbu, hisia, na nafasi yake katika jamii. Huulizwa kama bado anashiriki ibada, na kama anaweza kuwasaidia wengine. Mwisho, ataje mwenyewe, kati ya 0 na 100, amepona kiasi gani.

Ndugu msomaji, tafakari swali hilo la kuwasaidia wengine. Baba aliyekuwa hapokei posa ya binti yake mtu mwingine ila yeye, leo posa yajibiwa chumba cha pili, naye amelala anasikia. Amelishwa, ameogeshwa, amevishwa. Lakini ubaba wake umewekwa kando. Hilo halionekani katika kipimo cha viungo.

Utafiti umeonyesha kuwa jamaa wanaojibu kwa niaba ya mgonjwa mara nyingi huiona hali yake kuwa mbaya kuliko aionavyo mwenyewe. Basi tusimsemee. Ikiwa ulimi umekuwa mzito, tumwulize jambo moja kwa wakati mmoja, la ndiyo au siyo, kisha tusubiri. Kichwa na mkono navyo hujibu. Huzuni ikidumu, daktari aambiwe, kwani nayo ina tiba. Na posa ijayo, ipelekwe kwanza kitandani kwake.