Pole ya Nafsi

Pole ni neno litolewalo bure katika nchi yetu. Mtu akijikwaa njiani, apitaye humwambia pole. Mama akipanda kilima na mkungu wa ndizi kuelekea soko la Daraja Mbili mjini Kisii, huambiwa pole. Mchuma chai akitoka shambani Nyamira ameloa mvua, huambiwa pole, wala hapana amwulizaye kwanza kama mvua ile ilinyesha kwa kosa lake. Walakini yuko mtu mmoja ambaye twamnyima neno hili kila siku, naye ni nafsi yetu. Hata methali ya kutuzuia tunayo: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nathubutu kuipinga methali hiyo leo kwa ajili ya watu ambao matumizi yake huwaumiza kuliko wengine, yaani watu wazima wenye usonji.

Usonji si maradhi ya kuambukiza, si laana ya mababu, wala si matunda ya malezi mabaya. Ni tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na huzeeka nayo, na sehemu kubwa ya asili yake ni urithi. Mwenye hali hii aweza kuwa na maneno machache au mengi. Aweza kuwa hodari wa hesabu, au asiweze kuvaa viatu pasipo msaada. Aghalabu huchoshwa na makelele, hupenda mambo yaende kwa utaratibu aliouzoea, na maneno ya mafumbo humpita. Daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hii huko Marekani mwaka 1943, na tangu hapo watu wengi wamedhani usonji ni jambo la watoto tu. Lakini mtoto wa kwanza katika maandishi yale, Donald Triplett, alikua, akafanya kazi katika benki, akafa mwaka 2023 akiwa mzee wa miaka 89.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kama kadirio hilo lafaa hapa kama lifaavyo kwingine, basi watu zaidi ya 14,000 wenye usonji wanaishi baina yetu, wadogo kwa wakubwa. Wengi hatuwajui kwa jina hilo. Twawaita wenye kiburi, wakaidi au wajinga.

Nami niliwahi kumwita mmoja hivyo. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu katika mazoezi ya kufundisha, kijana mmoja wa darasa langu hakunitazama usoni niliposema naye. Nikamwamuru asimame mbele ya wenzake anitazame machoni. Alinitazama, akatetemeka, akalia. Nikajiona nimefunza adabu. Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye katika kituo cha kupimia majani chai, amekwisha kuwa mtu mzima, na madaktari wamekwisha kumweleza kuwa ana usonji. Aliniambia, "Mwalimu, kila usiku nalala nikihesabu makosa ya mchana. Salamu niliyosahau, neno nililolisema vibaya, mtu niliyemchukiza. Nikimaliza kuhesabu, najitukana." Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hukumu niliyoitoa mimi mara moja, yeye alikuwa akiitoa kila usiku.

Tazama sasa jinsi hukumu yenyewe isivyo na msingi. Robert LeVine, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kuchunguza maisha ya Abagusii katika miaka ya 1950, aliandika juu ya chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima baina ya wazazi na wana wao, na akaeleza kuwa mama wa Kigusii hakuwa na desturi ya kutazamana machoni na mtoto wake mchanga kwa muda mrefu. Kwa wazee wetu, kuinamisha macho mbele ya mkubwa kulikuwa adabu. Leo, darasani na katika usaili wa kazi, twasema asiyetazama machoni anaficha uongo. Jambo lililokuwa heshima kwa babu limekuwa kosa kwa mjukuu. Jicho ni lile lile, ila kipimo kimebadilika. Basi kwa nini mtu ajichukie kwa kushindwa na kipimo ambacho hata babu yake angalishindwa nacho?

Wako watu wasemao kuwa dawa ya mtu huyu ni moja tu: ajikaze. Neno jikaze hupendwa sana katika Kenya. Huambiwa aliyefiwa, huambiwa aliyeshindwa mtihani, huambiwa hata mgonjwa. Sikani kwamba lina mahali pake. Mwenye kilima cha kupanda hana budi kukaza miguu. Lakini mtu mwenye usonji amejikaza tangu utotoni. Amejikaza kuvumilia honi za matatu katika stendi ya Keroka; amejikaza kucheka mzaha asiouelewa; amejikaza kuvaa uso wa kuazima kutwa nzima ili afanane na wenzake. Kumwambia ajikaze zaidi ni kumnywesha maji anayezama. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kuwa wasiwasi na sonona, ile huzuni kubwa iliyo ugonjwa, huwapata watu wazima wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Baadhi yao hufikia kuuchukia uhai wao. Kama ukali ungaliponya, hapana shaka wao wangalikwisha kupona zamani.

Huruma kwa nafsi ni kitu gani, basi? Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Texas ambaye pia ni mama wa kijana mwenye usonji, aliieleza mwaka 2003 kwa mambo matatu. La kwanza ni kusema na nafsi yako kwa upole, kama usemavyo na rafiki aliyepatwa na shida. La pili ni kukumbuka kuwa kukosea na kuteseka ni fungu la wanadamu wote, si aibu yako peke yako. La tatu ni kuyaona maumivu kwa kadiri yake, bila kuyaficha na bila kuyakuza. Wachunguzi wa Australia, miongoni mwao Ru Ying Cai, waliwauliza watu wazima wenye usonji wenyewe, wakaona kuwa kwa wastani wana huruma kidogo kwa nafsi zao kuliko wengine, na kwamba walio nayo kwa wingi hupatwa na sonona kidogo zaidi. Hayo hayathibitishi kuwa huruma peke yake ni tiba, wala hayamzuii mgonjwa kwenda hospitali. Lakini yanatosha kutuonyesha upande gani wa kuelekea.

Wengine husema kuwa huruma hiyo ni jina zuri la uvivu. Hawa wamechanganya kujihurumia na kujiendekeza. Mwenye kujiendekeza husema, sikukosea. Mwenye huruma kwa nafsi yake husema, nimekosea, nami ningali mtu, nifanyeje kesho? Nenda Tabaka ukawatazame wachongaji wa mawe laini yaliyolipatia jina la Kisii sifa duniani. Mchongaji mwenye hasira hulipiga jiwe kwa nguvu akalipasua. Aliye hodari hulichunguza jiwe lake, hulilowesha, kisha hulichonga mahali linapokubali. Je, huyu ni mvivu? Jioni yeye ana sanamu mkononi, na mwenziwe ana vipande. Kadhalika kijana yule akitambua kuwa makelele ya soko humchosha, akaenda mapema kabla watu hawajajaa, hakujiendekeza. Ameifahamu nafsi yake na kuitumia vema.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu. Wako wanaouliza: ikiwa sisi ndio tuliomjeruhi, si dhuluma kumwambia ajiponye mwenyewe? Ni dhuluma, kama tutaishia hapo. Huruma kwa nafsi haichukui nafasi ya haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kuwa kutoelewana baina ya watu hawa na wengine kuna pande mbili: kama wao hawatuelewi, nasi pia hatuwaelewi. Basi nusu ya kazi ni yetu. Tuseme wazi badala ya kupiga mafumbo, tupunguze makelele, tumpe mtu muda wa kujibu. Lakini mtu anayejitukana kila usiku hatadai haki yoyote asubuhi, maana ameamini kuwa hastahili. Kwa hiyo huruma kwa nafsi ndiyo inayompa mtu nguvu ya kudai haki yake.

Enyi vijana msomao maneno haya, yumkini mmoja wenu ana usonji, ajua au hajui. Usiku ukifika na hesabu ya makosa ikianza, mtu huyo na ajiulize: kama rafiki yangu angalitenda haya, ningalimwambia nini? Kisha ajiambie maneno yale yale. Na ninyi wengine msingoje mpaka muwe walimu, kama nilivyongoja mimi, ndipo mjifunze kuwa macho yaliyoinama si kiburi. Kuhusu mwiba wa kujichoma, mguu uliochomwa nao hutoka damu kama mguu mwingine wowote. Uchomoe mwiba, osha kidonda, jiambie pole, kisha endelea na safari.