Risala ya Wakulima wa Mau Narok Kuhusu Takwimu za Kilimo

Kwa: Serikali ya Kaunti ya Nakuru, Wizara ya Kilimo na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS)

Waheshimiwa,

Sisi ni wakulima wa viazi, ngano, shayiri na karoti wa wadi ya Mau Narok, kaunti ndogo ya Njoro.

Tunashukuru kwamba takwimu zipo. KNBS hutoa ripoti ya hali ya uchumi kila mwaka, na mfumo wa KAMIS wa wizara huorodhesha bei za masoko. Mwaka 2023 wakulima walisajiliwa kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, wakaeleza ekari zao na mazao yao. Habari zilizotoka mashambani sasa zirudi mashambani, zikiwa katika sura tunayoweza kuisoma.

MALALAMIKO YETU

1. Majedwali marefu ya Kiingereza yenye jumla ya nchi nzima hayatuonyeshi ni viazi kiasi gani vitavunwa mwezi ujao Nyandarua, Molo, Bomet na Meru. Tunapanda kwa kubahatisha, tunavuna kwa pamoja, bei inaporomoka.

2. Viazi vya aina ya Shangi, tunavyopanda wengi wetu, huchipua upesi baada ya kuvunwa. Haviwezi kukaa ghalani vikisubiri habari. Broka hufika na lori akiwa ameshapiga simu Nairobi na Mombasa. Sisi tunaijua bei anayotutajia tu.

3. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini bado bei hutajwa kwa magunia yaliyojazwa kupita kiasi. Bei za namna hiyo hazilinganishiki.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inataka habari zisambazwe kwa kuzingatia lugha ya wenyeji, gharama, na njia inayofaa zaidi mahali husika. Kwa hivyo hatuombi hisani.

MADAI YETU

1. Kila mwezi zitolewe ramani na grafu kwa Kiswahili, zikionyesha ekari zilizopandwa na mavuno yanayotarajiwa, kaunti kwa kaunti na wadi kwa wadi.

2. Bei zote zionyeshwe kwa kilo, pamoja na mwenendo wake wa miaka mitano, ili mkulima aone miezi ya neema na miezi ya hasara kabla ya kununua mbegu.

3. Grafu hizo zibandikwe sokoni na katika ofisi za machifu, na muhtasari utumwe kwa ujumbe mfupi kwenye simu za kawaida.

4. Maafisa wa kilimo wazieleze barazani, na Chuo Kikuu cha Egerton, jirani yetu wa Njoro, kishirikishwe kuziandaa.

5. Jina la mkulima na shamba lake visionyeshwe hadharani.

Sheria hiyo ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu ombi la habari. Tunataka jibu la maandishi ndani ya muda huo, likitaja ofisi itakayosimamia kazi hii na tarehe ya kuianza.

Ni sisi,
Wakulima wa Mau Narok