Kisanduku cha tano
Mwanafunzi anayeandika "mahari" akikusudia "mahali" amegeuza pahala kuwa posa, na kalamu nyekundu ya mwalimu haimwelezi kwa nini. Chemshabongo humweleza. Kidokezo kinataka anachotoa bwana harusi kwa wakwe. Visanduku ni sita, na cha tano kinakatiza neno "barua" linaloshuka. Akiweka l, inasomeka "balua", naye analiona kosa kabla hajakemewa na mtu. Arthur Wynne, mbunifu wa chemshabongo, alipochapisha fumbo lake katika New York World, Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1913, yalikuwa maburudisho ya wasomaji. Kwetu kazi ni nzito zaidi, maana watoto wengi huandika wanavyotamka, na lugha zao za nyumbani hazitenganishi r na l, wala th na s. Hapo hata kuhesabu visanduku kunafundisha: "thamani" inadai saba, "samani" sita tu. Nawasihi walimu waipe ritifaa ya "ng'ombe" kisanduku chake, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kuliko herufi zote. Ule mraba wa kusaka maneno yaliyofichwa siuthamini sana. Neno limekwisha kuandikwa sawasawa, mtoto analizungushia duara na kusonga mbele. Bora achore mistari mwenyewe kwenye daftari la hesabu, ambalo tayari lina miraba, atunge vidokezo, ampe jirani yake wa dawati. Mtunzi hulazimika kufungua kamusi.